Siku Nati Zilipomnyeshea Mama Mkwe

Mpaka leo majirani wa Jotham Wamalwa, pale anapokaa Kitale, hawajakubaliana ni kitu gani kiliwashtua zaidi siku ile: sauti, beseni, au chai.

Sauti, kwa sababu ilisikika mpaka kwa watu waliokuwa wamefungulia redio. Beseni, kwa sababu lilipaa. Na chai, kwa sababu kabla nati ya mwisho haijamaliza kubingirika juu ya mabati, Jotham alimgeukia mkewe akamuuliza, kwa upole wa mtu anayetoka ibadani, "Dinah, chai imeiva?"

Hata kuku wa jirani walikuwa wamenyamaza.

Jotham ni fundi wa mashine za kupukuchua mahindi, zile zinazovutwa na trakta kutoka shamba hadi shamba wakati wa mavuno: magunzi yanatoka huku, punje zinatoka kule, na makapi yanaingia macho ya kila mtu. Anafanya kazi na mwenzake aitwaye Kigen. Kigen ana trakta na subira. Jotham ana mashine. Ndani ya kelele za ile mashine, Jotham ndiye mtu mtulivu kuliko wote Trans-Nzoia nzima. Shida huanza injini ikizimwa.

Siku ile ya beseni, mashine ilikuwa imefunguliwa uani ifanyiwe matengenezo kabla ya msimu. Jotham alikuwa ametandaza gunia chini na kupanga juu yake kila nati na kila boliti kwa mpangilio wa kutoka: iliyotoka kwanza mwanzo wa gunia, iliyotoka mwisho mwisho wa gunia. Kwa mtu mwingine yeyote ilikuwa takataka. Kwa Jotham ilikuwa kumbukumbu. Kichwa chake hakishiki mpangilio wa vitu, hakijawahi kushika, kwa hiyo gunia ndilo lilikuwa linashika kwa niaba yake. Akaenda mjini kununua grisi.

Huku nyuma mama mkwe akaingia. Alikuwa ametoka Lugulu, upande wa Bungoma, kuja kumwona mjukuu wake mchanga, Nabwile. Jina la mama huyo ni Phelista, lakini Jotham hakuwa amelitamka hata siku moja, kwa sababu kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mkono. Hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapinda kando kama amekumbuka kitu kichakani. Basi mama akakaa nyuma ya jikoni na mjukuu, akashiba kumtazama, halafu akauona ule ua. Mama Phelista si mtu wa kuona ua mchafu akabaki amekaa. Akachukua fagio. Akakusanya nati, boliti na pete zake zote, akazitia kwenye beseni moja. Na kwa kuwa zilikuwa na mafuta, akaziosha kwa sabuni. Zikang'aa vizuri sana.

Jotham akafika na mkebe wa grisi mkononi.

"Nani amegusa hii kitu? Nani? Wewe mama, nani alikuambia uguse? Una kazi gani hapa kwangu?"

Alimwangalia machoni. Alimnyooshea kidole. Halafu akalinyakua beseni na kulirusha juu, bila kumlenga mtu, hilo kila mtu alikiri, nalo likaangukia paa la mabati na kumwaga kila kilichokuwa ndani. Nati zikateremka kwa mstari, trrrr, na kuanza kumnyeshea mama mkwe. Moja ilitua juu ya kitambaa chake cha kichwa na kukaa hapo, imetulia, kama imealikwa.

Ndipo lilipokuja swali la chai. Kwa sababu ndivyo ilivyo kwa Jotham: moto ukitoka, umekwisha. Yeye anakuwa mwepesi kama mtu aliyetapika. Waliobaki ndio wanakaa na matapishi.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akaokota kikapu chake, akatoka kwenda kupanda gari. Dinah aliingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na begi mkononi.

"Sasa unaenda wapi?" Jotham akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Mimi umezoea kunipigia kelele, na mimi nikazoea kusema ni kelele tu," Dinah akasema. Yeye si mtu wa kupandisha sauti. Ukimsikia anazidi kuishusha, ujue mambo yameharibika. "Lakini huyu ni mama yangu, Jotham. Umemwangalia machoni."

"Si nimemaliza? Mimi sina hasira tena, bana."

"Wewe huna. Sisi ndio tumebaki nayo."

Jotham alibaki kwenye ua uliofagiwa, ameshika grisi. Ule mshtuko wa majirani ulimfikia yeye kwa kuchelewa, kama sauti ya radi, na ulipofika alikaa chini. Hakuwa amepanga hata neno moja kati ya yale. Yalitoka kinywani mwake na yeye akayasikia pamoja na watu wengine.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kule Bokoli alikozaliwa walimwita Petroli. Alikula viboko kwa kutoka darasani, kwa kujibu kabla ya swali kuisha, kwa kupoteza kalamu. Ukubwani alivunja simu yake mwenyewe, akavunja urafiki na nusu ya mafundi wa Kitale, na kila mara alijuta kwa machozi, kila mara akaapa, na kila mara kiapo kikasahaulika pamoja na mahali alipoweka spana.

Kigen ndiye aliyemwambia. Walikuwa wanapanda mabati kutafuta nati kwenye mfereji wa maji.

"Jotham, mimi nimeona fahali imekasirika. Nimeona trakta imekata breki ikiteremka na watu. Lakini wewe, weeh."

"Endelea tu kunicheka."

"Sicheki. Mtoto wa dada yangu alipelekwa kwa daktari, wakasema ako na kitu inaitwa ADHD. Kila kitu daktari alikuwa anasema juu ya mtoto, mimi nilikuwa nakuona wewe."

Jotham alikasirika akashuka kwenye ngazi, akaenda mpaka barabarani, akarudi. "Hiyo kliniki iko wapi?"

Nati moja hawakuipata. Ile ya kushikilia kifuniko cha juu cha mashine, ya saizi isiyopatikana dukani. Walifunga kifuniko kwa waya msimu mzima.

Daktari mwenyewe aliitwa Nduta, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kusomea matangazo kanisani. Alimuuliza Jotham maswali marefu. Jotham aliyajibu kabla hayajaisha, kisha akainuka kwenda kuangalia kwa nini feni ilikuwa inapiga kelele.

"Ni skrubu imelegea," akamwarifu.

"Asante. Kaa," Nduta akasema, na mwisho wa yote akamwambia ni ADHD, na kwamba ameishi nayo tangu utotoni.

"Hiyo si ya watoto wa Nairobi?"

"Watoto hukua, Jotham. Nayo hukua pamoja nao."

Akamweleza kwamba ubongo wake una nguvu nyingi na breki inayochelewa. Kwamba hisia kwa mtu mwingine hubisha hodi, kwake zinaingia na mlango. Kwamba si uchawi, si laana, wala si kukosa adabu, na kwamba wako wengi. Jotham alicheka. Halafu akalia. Halafu akapandwa na hasira juu ya viboko vyote vya Bokoli, yote hayo bila kuinuka kwenye kiti kile. Mtu anaishi miaka thelathini na kitu akijua yeye ni mbaya, ghafla anaambiwa kumbe kuna jina. Aliwahi kupigwa shoti na umeme wa karakana, haukumtikisa hivi.

"Kwa hivyo si makosa yangu," akasema.

"Ulivyozaliwa si makosa yako. Kidole ulichomnyooshea mama mkwe bado ni chako."

Jotham akakitazama kidole chake.

"Dawa nitakupa, na zitakusaidia," Nduta akaendelea. "Lakini dawa haina mkono wa kukuziba mdomo. Nataka unijibu: kabla hujalipuka, mwili unakuambia nini?"

"Hakuna kitu. Inakuja tu."

"Na mashine yako? Mkanda ukiungua, unaungua tu?"

"Aa, hapana. Mkanda lazima unuke kwanza." Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sikio. "Masikio. Masikio yanachomeka kwanza."

"Basi. Ukisikia mkanda unanuka unafanya nini?"

"Nazima. Naachana nayo mpaka ipoe."

"Hubishani nao?"

"Mtu hubishana na mkanda?"

"Wewe umekuwa ukibishana nao tangu uzaliwe."

Basi msimu ule wakulima wa Kitale waliona mambo. Mteja anaanza kulalamika kwamba punje zinavunjika, fundi anamtazama, anagusa sikio, anazima mashine, anaondoka. Anaenda mpaka mwisho wa shamba, anazunguka mti, anarudi, anasema pole, tuendelee.

"We jamaa!" Kigen alimfokea mara ya kwanza. "Unaenda wapi na mahindi ya watu iko kwa mdomo ya mashine?"

"Mkanda ulikuwa unanuka."

Kigen akainama kuunusa mkanda. "Haunuki."

"Si huo."

Hakufaulu kila mara. Kuna mzee mmoja wa Endebess mpaka leo hapokei simu zake. Lakini siku za kuzima zilianza kuwa nyingi kuliko siku za kuungua, naye akamweleza Dinah kwa simu, kila jioni, akaeleza mpaka salio likakatika. Dinah alisikiliza. Hakuahidi kitu.

Mwezi wa kumi na mbili Dinah akampigia yeye mwenyewe. Mjomba wake, mzee Wabwile, kaka yake Mama, alikuwa ameitisha kikao Lugulu. Jotham aje aombe msamaha, aje na blanketi ya mama mkwe.

"Nisikie vizuri," Dinah akasema. "Ukilipuka tena nyumbani kwa Mama, mimi na Nabwile tunabaki huku. Na sisemi kwa hasira. Nimekaa na hilo neno muda mrefu."

"Na nikisikia masikio?"

"Utoke. Usielezee mtu. Utoke tu."

Kwa simu ilisikika rahisi. Hakuna aliyekumbuka kuku.

Njiani Jotham alimfundisha Kigen, ambaye ni Mkalenjin na alikuwa anaenda kumsindikiza: ukiwa kwa wakwe, kuku akishaletwa huinuki. Hata ukiumwa na siafu huinuki. Mkwe akiinuka kabla hajala kuku ya wakwe, ni kama amewaambia: binti yenu simtaki, na nyumba yenu naitupa.

"Hiyo si shida," Kigen akasema. "Mimi kuku haijawahi kunishinda."

Mzee Wabwile alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alizungumza kama mtu anayejua kengele ni yake. Wazee walijaa sebuleni. Mama mkwe hakuwepo, na ndivyo inavyopaswa. Alikuwa huko nyuma asipoonekana. Kikao kilifunguliwa kwa maombi marefu, kisha Wabwile akaweka fimbo yake magotini.

"Brangeti ya dada yangu iko wapi?"

Jotham aliiona ile blanketi. Aliiona wazi kabisa, imekunjwa, iko juu ya bawa la gurudumu la trakta ya Kigen, huko Kitale.

"Mzee, nimeisahau."

"Umesahau?"

"Niliiweka mahali ambapo sitaisahau."

Kigen alikohoa. Wazee wawili watatu wakacheka mpaka wakafuta macho. Wabwile hakucheka.

"Mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Hakuna mtoto alisahau saa ya kula. Mtu anakumbuka kile anaheshimu."

Hapo ndipo penye kidonda. Maisha yake yote Jotham ameambiwa kwamba kusahau kwake ni dharau. Sikio la kushoto likaanza. Akapumua. Dinah akaingia na kuku kwenye sinia, akaweka mezani, akaanza kuwanawisha watu mikono. Alipofika kwa Jotham alimwagia maji polepole kuliko wengine.

"Na huu ugonjwa," Wabwile akaendelea, "nasikia uko na jina ya Kizungu. Sisi tulikuwa tunaiita kukosa kiboko. Halafu huyu mtoto mdogo, Nabwile, mumwangarie vizuri. Pengine ameshamwekea hiyo takataka kwa damu."

Mkanda ulinuka. Haukunuka tu, ulitoa moshi. Jotham aliona fimbo, akaona meza, akaona kwa uwazi wa ajabu jinsi ile sinia ingepaa. Alisimama. Mikono ilikuwa ingali inadondosha maji.

"Naenda nje," akasema, na akaenda.

Sebule iliganda. Mtu mmoja alisema "Yesu!" na hakuwa anaomba. Kigen, aliyekuwa ameshashika paja, hakujua kama aliachie au amfuate Jotham.

"Amekataa kuku!" Wabwile akanguruma. "Mmeona wenyewe! Amekataa kuku!"

Uani mbele palijaa wanawake waliokuja kupika na majirani waliokuja kuona. Jotham alipinda mahali pekee palipokuwa wazi, nyuma ya jikoni, akitembea kwa hatua za mtu anayebeba kitu cha moto. Na nyuma ya jikoni, kwenye kigoda, pamoja na rundo la mahindi, alikuwa amekaa mama mkwe. Walimficha huko ili asionekane na mkwe.

Wakaangaliana. Mara ya pili.

Mbele palikuwa na ua wa michongoma. Nyuma palikuwa na Wabwile. Kukimbia hakuwezekani, kusimama hakuwezekani, na yale masikio yalikuwa yanaungua bado. Jotham akageuka, akampa mama mgongo, akachuchumaa, akachukua hindi moja na kuanza kupukuchua kwa mikono. Fundi wa mashine, tangu utoto hajafanya kazi hiyo. Kidole gumba kiliuma. Alishukuru kwamba kinauma.

Kwa muda ilikuwa ni punje tu zinazodondoka.

"Likiwa gumu, fungua mstari mmoja kwanza," sauti ikasema nyuma yake. Mama naye alikuwa amegeuka. Jotham alijua kwa jinsi sauti ilivyokwenda upande mwingine. "Hizo zingine zitafuata."

Akafungua mstari mmoja. Zikafuata.

"Zile nati," mama akasema. "Zilikuwa zimepangwa?"

"Zilikuwa zimepangwa, Mama. Kichwa yangu haishiki. Gunia ndiyo ilikuwa inashika."

"Na mimi nikaziosha."

"Na sabuni."

Kukawa na mlio puani mwa mama. Jotham alidhani analia, akashtuka, kisha akatambua ni kicheko kinachozuiliwa na mtu mzima.

"Mama, naomba msamaha," akasema akiliangalia gunzi. "Si juu ya nati. Juu ya macho, na kidole, na ile sauti. Haukustahili."

"Sikustahili," mama akakubali, bila haraka ya kumfariji. "Kwa gari nilitetemeka mpaka Lugulu. Nilikuwa najiuliza, binti yangu analala na mtu wa aina gani."

Hilo liliingia na kukaa. Jotham alilipokea. Masikio yalikuwa yamepoa.

Ndipo Wabwile alipotokea kwenye kona, wazee nyuma yake na Dinah nyuma yao. Aliwaona wale wawili, mkwe na mama mkwe, mgongo kwa mgongo, wanapukuchua rundo moja la mahindi. Mdomo wake ulifunguka ukakosa neno, jambo ambalo Lugulu hawakuwa wamelishuhudia.

"Phelista!" hatimaye ukalipata. "Hii ni boma ama ni soko? Anakataa kuku, anakuja kukaa na mama mkwe! Mmerogwa nyinyi?" Akaitupa fimbo kwa nguvu zake zote. Haikumlenga mtu. Ilipanda, ikaangukia mabati ya jikoni, ikabingirika, trrrr, na kudondoka mbele ya viatu vyake mwenyewe.

Wabwile akaiangalia.

"Kaka," mama akasema bila kuinua kichwa, "kuna mkanda unanuka. Toka nje kidogo."

"Niko nje!"

"Basi ingia ndani. Mkwe wangu hajakataa kuku. Ameenda kuzima mashine. Dinah ameniambia hiyo maneno jioni zote hizi, mpaka mimi naota mikanda. Mfunikieni hiyo kuku, atakula ikiwa baridi."

Wazee walitazamana. Halafu mmoja baada ya mwingine wakarudi ndani, na Wabwile akaokota fimbo akawafuata, akitembea kama mtu aliyesikia kengele ambayo si yake. Kutoka sebuleni sauti ya Kigen iliuliza kama sasa inaruhusiwa kula.

Kitu kikabingirika ardhini kutoka nyuma, kikagonga kiatu cha Jotham. Nati. Ile ya kifuniko cha juu.

"Nilifika nayo hapa juu ya kitambaa," mama akasema. "Nimeiweka tangu siku hiyo. Sikujua kama ni ya maana."

Jotham aliiokota akaitazama. Alikuwa amechimbua mfereji wa maji kwa ajili ya nati ile. Alikuwa amemwita Kigen mwizi. Waya ulikatika katikati ya msimu na kifuniko kikakosa kichwa chake kwa upana wa kidole.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imeshapanda ngazi moja, "miezi yote hii mimi natafuta..." Akagusa sikio. "Mama, naomba nitoke tena."

"Toka, mwanangu."

Alitoka mpaka langoni, akaishika nguzo, akakaa hapo mpaka moyo ukarudi mahali pake. Dinah alikuja na Nabwile mgongoni, akasimama hatua chache kando, akimpima.

"Sasa ni nini tena?"

"Nilikuwa nazima."

"Imezima?"

"Imezima."

Dinah alimtazama masikio yote mawili. Kisha akamfungua mtoto mgongoni na kumpa amshike. "Kesho asubuhi tunapanda gari pamoja. Tukifika tu Kitale, blanketi inakuja kwa Mama. Na nitaileta mimi, wewe usiishike hata. Siku nikisikia ile sauti tena, Jotham, najua njia ya huku."

"Najua."

"Na hiyo nati, nipe nikuwekee."

Jotham alijipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa suruali, huku na huku, mtoto akiwa amemshikilia shingo. Uso ukambadilika. Akaanza kuangalia chini kwenye nyasi, masikio yakianza kuwa mekundu.

Dinah alimwacha atafute kidogo.

"Mkono wa kushoto," akamwambia.